Siku Niliyotiwa Umeme Kichwani

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa kantini ya chuo, Göttingen, Ujerumani, majira ya baridi ya 2015. Kwa utafiti wa kupitisha umeme mdogo kwenye ubongo, walitafutwa watu wazima wenye afya, wanaotumia mkono wa kulia, wasio na kifafa wala chuma kichwani. Malipo yapo. Mimi nilikuwa nasomea misitu, mambo ya ubongo hayakunihusu, lakini mjomba wangu kule Tanga alikuwa amepata kiharusi na mkono wake wa kulia ulikuwa bado umelala. Nikajiandikisha.

Mtafiti, dada mmoja mpole, alinitazama kichwani akashusha pumzi. Nilikuwa nimesuka rasta, na sponji za umeme lazima ziguse ngozi. Karatasi yao ya maelezo ilitaja kila kitu, hata mimba, isipokuwa nywele. Ni wazi aliyeiandika hakuwahi kukaa miguuni pa msusi. Nikarudi hosteli kufumua.

Niliporudi, kabla ya umeme wenyewe walinipima kwa sumaku, na hapo ndipo nilipoogopa. Koili, yaani waya uliozungushwa, yenye umbo la nane iliwekwa kushoto juu ya kichwa, ikalia "ta!", na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikaruka. Sikukituma mimi! Nilikikazia macho, nikajaribu kukizuia, "ta!", kikaruka tena. Mashine hiyo ilianzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, kwa Anthony Barker na wenzake. Sumaku inapenya fuvu bila maumivu, inazua mkondo wa umeme ndani ya ubongo, amri inateremka uti wa mgongo hadi mkononi. Waya zilizobandikwa kwenye msuli kati ya kidole gumba na shahada zilipima ukubwa wa kila mruko.

Baada ya hapo umeme ukawa jambo dogo. Sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, moja juu ya sehemu ya ubongo inayoamrisha mkono, nyingine juu ya jicho la kulia, zikafungwa kwa mikanda ya mpira. Mkondo wa miliampea 1. Chaja ya simu hutoa mara elfu ya huo au zaidi. Ngozi iliniwasha kama nimepitiwa na upupu, kisha ikatulia. Kidole hakikutikisika hata kidogo.

"Mbona hakiruki?" nikauliza.

Akanieleza kwamba mkondo huu haufyatui seli za neva kama sumaku. Unazisogeza tu karibu na kufyatuka, au mbali nako, kutegemea upande wa anodi (ncha chanya) na kathodi (ncha hasi). Katika mji huohuo wa Göttingen, mwaka 2000, watafiti Michael Nitsche na Walter Paulus walionyesha kwamba anodi juu ya eneo lile hukuza mruko wa msuli, kathodi huupunguza, na athari hubaki kwa dakika kadhaa mkondo ukishazimwa.

Utafiti ulipokwisha niliomba kuona matokeo yangu. Nilipewa anodi, na miruko yangu ilikuwa imepungua. Nilidhani kichwa changu kina kasoro. Dada yule akacheka: uchunguzi uliochapishwa 2014 ulikuta karibu nusu tu ya watu ndio wanaojibu kama vitabu vinavyosema. Nilimpenda kwa ukweli huo. Wanaouza vifaa vya namna hii mtandaoni hawausemi.

Jumapili nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Eti wamekutia umeme kichwani? Ulikosa nini huko?"

Nikamweleza. Akataka kujua jambo moja tu, kama utamfaa mjomba. Nikasema wanaujaribu kwa wagonjwa wa kiharusi, pamoja na mazoezi, lakini majibu bado yanagongana, asiache fizioterapia.

"Mwambie mwenyewe, mimi hanisikii."

Mjomba akapokea, maneno yakimtoka polepole.

"Huo umeme, uliwalipa?"

"Hapana mjomba, wao ndio walionilipa."

"Wakitaka kichwa kingine, nipo. Changu hakina rasta."