Seiko 7A28: ninavyoikagua, ninavyoinunua na ninavyoifufua

Kronografu, yaani saa za mkono zenye kipima muda, za kwatsi (za betri) na za tarakimu zilikuwepo tangu miaka ya 1970, lakini yenye mishale ilibidi isubiri mpaka 1983, Seiko walipoitoa mashine, yaani mtambo wa ndani ya saa, ya 7A28. Hiyo ndiyo ninayoikusanya, pamoja na ndugu zake wawili: 7A38, yenye siku na tarehe, na 7A48, inayoonyesha sura za mwezi. Uzee wake si hoja kwangu. Nimeipenda kwa sababu ilitengenezwa ifunguliwe: chuma kitupu, vito 15 vya kushikilia mihimili, skrubu za kweli, na mota nne, kila moja na koili yake ya waya. Zilizoifuata, kama 7T32, ziliingizwa plastiki nyingi, na zikiharibika fundi wengi huona heri kuweka mashine nyingine kuliko kuhangaika nazo.

Mota hizo nne ndizo zinazonirahisishia kazi. Moja inaendesha saa, dakika na sekunde za kawaida. Nyingine inaendesha mshale mrefu wa kati wa kronografu, ya tatu mshale wa dakika za kronografu, na ya nne ule wa sehemu za sekunde. Kwa hiyo saa yenyewe inakuambia inaumwa wapi. Ikiwa majira yanakwenda vizuri lakini mshale wa kati umeganda, betri ni nzima, kristali ya kwatsi inayopima mwendo ni nzima, na sakiti kwa sehemu kubwa ni nzima. Mtuhumiwa ni koili ile, njia yake ya umeme au gurudumu lake. Mishale yote ikiwa imelala, hapo ndipo unaanza na betri na miguso yake.

Ndiyo maana sinunui kwa picha. Namwomba muuzaji video moja isiyokatwa: awashe kronografu, aiache ipite dakika moja ili mshale wa dakika usogee, aisimamishe, airudishe sifuri, kisha arudie vile vile. Ninachokitazama ni mishale inarudi wapi. Ikirudi pembeni ya sifuri, lakini kila mara mahali pale pale, hilo si tatizo kabisa. Unavuta kifundo cha kurekebishia majira mpaka mwisho, halafu unatumia vitufe kusogeza mishale ya kronografu mmoja mmoja: ukibonyeza mara moja unasogea hatua moja, ukishikilia unakimbia. Wauzaji wengi hawalijui hili na huiuza saa nzima kwa bei ya mbovu. Lakini ikirudi mara hii mbele ya sifuri, mara ijayo nyuma, mota inapoteza hatua kwa sababu ya mafuta yaliyokauka au uchafu, au mshale umelegea kwenye mhimili wake kwa kuwa kuna mtu aliwahi kuung'oa. Hiyo nainunua kwa bei ya vipuri tu.

Muuzaji akisema "inahitaji betri tu", mimi nasoma kwamba haifanyi kazi. Betri yenyewe ni bei ya soda. Asiyeiweka ana sababu yake.

Namba za mfuniko wa nyuma zinasomwa hivi. Katika 7A28-7000, nne za mwanzo ni mashine na nne za mwisho ni ganda. Namba ya mfululizo ina tarakimu sita: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, ya pili ni mwezi, 1 hadi 9, kisha O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Kwa hiyo 4N ni Novemba 1984. Pembezoni mwa uso, chini kabisa, kuna maandishi madogo yanayohitaji lenzi, na humo mna namba ya mashine tena. Namba ya uso kwa kawaida hailingani na ya ganda kwenye tarakimu za mwisho, hilo lisikutie hofu. Ila 7A38 kwenye uso na 7A28 kwenye mfuniko maana yake saa imeunganishwa kutoka maiti mbili. Maandishi hayo yakiwa hayapo kabisa, uso umepakwa rangi upya.

Aina mbili zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu ya bei. Ya kwanza ni 7A28-7000 iliyobuniwa na Giorgetto Giugiaro, mbunifu wa magari wa Italia, yenye kipande kikubwa upande wa kulia kinachobeba vitufe, ambayo mwigizaji Sigourney Weaver aliivaa katika filamu ya Aliens ya 1986. Nyingine ni 7A28-7120 iliyotolewa kwa marubani wa jeshi la anga la Uingereza kuanzia 1984. Hii ya jeshi ina alama ya mshale wa serikali nyuma, herufi 6BB, namba ya ghala inayoanza na 6645-99, na mwaka wa kukabidhiwa. Linganisha mwaka huo na namba ya mfululizo: saa haiwezi kukabidhiwa kabla haijatengenezwa. Kuchonga mfuniko ni kazi ya mchana mmoja kwa mwenye mashine ya leza, kwa hiyo mfuniko peke yake usikubabaishe. Ikiwa unaanza, kaa mbali na zote mbili. Za kawaida zenye cheni ya chuma zina mashine ile ile kwa sehemu ndogo ya pesa.

Sasa betri. Inatumia SR936SW, inayojulikana pia kama 394, ya oksidi ya fedha: upana milimita 9.5, unene 3.6, volti 1.55. Dukani ukiomba 394 mara nyingi utapewa AG9 au LR936 kwenye kadi ya kumi kumi. Inaingia, na saa inatembea, lakini hiyo ni alkali. Volti yake inashuka polepole tangu siku ya kwanza, wakati ya oksidi ya fedha inakaa pale pale karibu mpaka mwisho. Mota za kronografu zinaanza kurukaruka mapema na utadhani mashine ni mbovu. Baya zaidi, alkali huvuja upesi zaidi ikisahaulika ndani. Soma herufi mbili za mwanzo: SR chukua, LR rudisha.

Mfuniko wa skrubu naufungua kwa ufunguo wa meno matatu, saa ikiwa imeshikwa kwenye kishikio. Bisibisi bapa inayosukumwa kwa nyundo ndogo ndiyo iliyoacha makovu kwenye nusu ya mifuniko unayoiona sokoni. Ukishafungua, tazama kabla ya kugusa. Unga wa kijani au mweupe kando ya betri ni alama ya uvujaji. Maji hayo ni ya alkali, hivyo tindikali hafifu huyaua: kijiti cha meno, ncha yake ikiwa imelowa siki kidogo, unagusa pale penye unga tu, unasubiri povu liishe, kisha unafuta kwa spiriti safi ya asilimia 99 mara mbili. Siki isifike kwenye koili hata kidogo, waya wake ni mwembamba kuliko unywele. Kama uvujaji umekula njia ya shaba kwenye sakiti, usafi hautasaidia; tafuta sakiti nyingine.

Koili napima kwa mita ya umeme ya kawaida, betri ikiwa imetolewa, kwenye kipimo cha kilo-omu 20. Nzima itasoma kilo-omu kadhaa. Iliyokatika itaonyesha OL au 1 pembeni mwa kioo cha mita. Ncha za mita ziguse vidoa vya risasi ya kulehemu tu, mwisho wa koili. Zikiteleza kwenye waya, umekwisha: koili iliyokuwa nzima inakufa mikononi mwako, na mashine ya kuchinja kwa ajili ya koili moja si rahisi kupata. Hapa saa za Yema za Ufaransa zilizotumia mashine hii hii husaidia, kwani wengi huzipita bila kujua kilichomo ndani. Nimezoea pia kutumia kibano cha shaba au plastiki. Rota, sehemu inayozunguka ndani ya mota, ni sumaku, na chembe ya chuma kutoka kwenye kibano cha kawaida ikinasa pale, mshale utasimama leo, utembee kesho.

Koili ikiwa nzima na mshale bado umeganda, kinachobaki ni usafishaji kamili: uso utolewe, magurudumu yaoshwe, mafuta mepesi ya saa za kwatsi yawekwe kwenye vito kwa kiasi cha nukta. Mafuta mazito ya saa za kutia ufunguo yanazinyonga mota hizi, hazina nguvu ya kuyasukuma. Ukimpelekea fundi, muulize anatumia mafuta gani kabla hujamwachia.

Huku Pwani adui mkubwa ni jasho na hewa ya chumvi. Vitufe hukwama kwa sababu ringi zake za mpira zimekuwa ngumu na shimo limejaa uchafu wa miaka. Usivibonyeze kwa nguvu vikigoma, vikiingia havitoki, na kitufe kilichozama kinaweza kushikilia swichi na kuimaliza betri. Kila kitufe kimefungwa kwa ndani na kipini chenye umbo la C. Kinatoka, unasafisha shimo, unaweka ringi mpya yenye silikoni kidogo. Ringi ya mfuniko nabadilisha kila ninapofungua. Hata hivyo, hakuna 7A28 yangu inayoingia baharini.

Ninazovaa kwa zamu hukaa na betri. Zinazolala miezi natoa betri, naziweka kwenye kopo la kufunga na mifuko ya silika ya kunyonya unyevu, na nabandika karatasi ya tarehe ya betri ya mwisho kwa nje. Mafundi wa zamani waliikwaruza tarehe hiyo ndani ya mfuniko. Ukiikuta, isome, itakuambia saa imekaa miaka mingapi bila kufunguliwa.