Mstari juu ya Thomas

Wifi ameshafika Dar salama, na mimi bado nabishana naye kichwani.

Mnakumbuka nilivyoogopa tutakaaje akija kunitembelea huku. Tumekaa vizuri tu. Jumamosi nikampeleka makumbusho kuona kitabu cha sala cha karne ya 15, Kilatini kitupu, kimefunuliwa kwenye kalenda ya Desemba. Juu zinang'aa herufi K na L kwa dhahabu, chini yake sikukuu za watakatifu, zile kuu kwa wino mwekundu. Tarehe zenyewe zinahesabiwa kinyumenyume kuelekea mwezi unaofuata, mimi zilinishinda. Wifi, katekista yule, hakuzihitaji: Noeli, Stefano, Yohane, Watoto Mashahidi. Kisha akanyamaza. Tarehe 29, mstari mmoja mwembamba umepita juu ya jina la Thomas wa Canterbury, na jina lote linasomeka.

Nikamweleza kwamba ni askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa lake siku hiyo, mwaka 1170, na kwamba mwaka 1538 mfalme Henry VIII wa Uingereza, aliyekuwa amejitenga na Papa, aliamuru jina lake lifutwe kwenye vitabu vya ibada. Wifi akainama hadi pua ikagusa kioo. Akaniita nitazame mstari wa mwisho wa mwezi, kwa Silvesta. Pale cheo chake, Papa, kimekwanguliwa kwa kisu mpaka ukurasa, ambao ni ngozi ya ndama, umeota manyoya.

"Wifi, huyu wa juu kafutwa na mtu aliyeagizwa. Huyu wa chini kafutwa na mtu aliyetaka mwenyewe."

"Labda ni watu wawili."

"Ni mmoja," akasema, akaulizia choo kiko wapi.

Wiki hii nimepewa mkataba wa kudumu kazini, ule niliowalilia hapa mwaka mzima, ila kinachoninyima usingizi ni hilo "ni mmoja". Mnaojua habari za kaka mnaijua na Biblia ya nyumbani, ukurasa wa mbele wenye majina yetu na tarehe za ubatizo. Jina lake lilikatwa alipomwoa wifi. Wifi aliuona ukurasa ule kwenye msiba wa bibi, akafunika Biblia, hajawahi kuutaja. Ndio alikuwa anautaja? Naukumbuka mstari wa Mzee: wino wa bluu, umenyooka, wa rula kabisa. Lakini nani wa kumwagiza Mzee, mtu asiyeagizika hata na daktari?

Jana nikiwa kwenye basi nikamkumbuka shangazi. Nikamwona kasimama mlangoni na khanga kiunoni, anatoa amri za kifalme, na Mzee anazunguka sebuleni akiuliza nani kachukua rula. Nilicheka kwa sauti, mzungu wa pembeni akahama kiti.

Nitampigia Mama Jumapili, Mzee akiwa kanisani.

Sasa kuna maji yanavuja nyuma ya mashine ya kufulia. Mwenye nyumba hapokei simu, na ghorofa ya chini anakaa yule mama asiyesamehe hata vishindo vya watoto.