Warumi 13 haiishii kwenye aya ya pili

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, sura ya 13 ya Waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Warumi huanza kusikika mara nyingi kuliko kawaida, katika mahubiri, katika jumuiya ndogo ndogo na hata vijiweni, na karibu kila mara zinazosomwa ni aya mbili za mwanzo tu: kwamba kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu kwa maana hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu, na kwamba anayeipinga anapingana na agizo lake. Kitabu kinafungwa hapo. Baada ya hapo, mwenye swali kuhusu ushuru, ardhi au ndugu yake anayesota mahabusu bila kufikishwa mahakamani huonekana kama mtu anayebishana na Mungu. Mimi ni Mkatoliki wa hapa Bagamoyo, ninaipenda sura hiyo, na ndiyo maana inaniuma kuiona ikikatwa namna hiyo.

Ukiendelea kusoma, aya ya 4 inamwita mtawala "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema". Mtumishi ana aliyemtuma na ana kazi aliyopewa, na kwa kuwa kazi yenyewe imetajwa wazi, hata raia wa kawaida anaweza kuona kama inafanyika. Aya ya 7 inaagiza kodi na ushuru vilipwe, nami sina ubishi na hilo. Kuanzia aya ya 8 Paulo anasema anayempenda mwenzake ameitimiza sheria, kwa hiyo utii anaoufundisha umewekwa katikati ya mafundisho juu ya upendo kwa jirani, na haukuandikwa ili usimame peke yake.

Tena tumtazame Paulo mwenyewe. Waraka huu unakadiriwa kuandikwa karibu na mwaka 57, wakati wa Kaisari Nero, kwa kundi dogo la waamini waliokaa katika mji mkuu wa dola bila sauti yoyote katika kuwachagua watawala wao. Hata hivyo Paulo alikuwa raia wa Rumi, na uraia huo aliutumia. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 16, kinaeleza kwamba kule Filipi yeye na Sila walichapwa viboko hadharani bila kuhukumiwa, wakatupwa gerezani, na asubuhi wakuu wa mji wakatuma watu waseme waachiliwe waende zao kimyakimya. Paulo akakataa. Alisema kwamba wao ni Warumi, wamepigwa bila hukumu, basi wakuu hao waje wenyewe wawatoe. Nao wakaja, wakawasihi. Katika sura ya 25, alipoona hatapata haki mbele ya Festo, alikata rufaa kwa Kaisari. Aliyeandika kwamba mamlaka yatoka kwa Mungu ndiye huyo huyo aliyewataka wenye mamlaka wafuate sheria yao wenyewe, na sioni mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Jioni moja jumuiya yetu iliisoma sura hii yote nyumbani kwa mama mmoja anayenunua samaki kwenye mnada wa ufukweni na kuwakaanga kwa ajili ya kuuza. Tulipofika kwenye maneno ya ushuru, alifungua pindo la kanga yake, akatoa risiti zilizokunjwa na kulowa mafuta, akaziweka juu ya mkeka. "Baba katekista," akasema, "mimi natii, risiti hizi hapa. Sasa huyu aliyetumwa kwangu kwa ajili ya mema, naruhusiwa kumwuliza mema yenyewe yako wapi?" Pale anapofanyia biashara hapakuwa na maji wala kivuli. Katekista wetu, mzee mpole ambaye hana haraka ya kujibu, alimwambia achukue risiti hizo aende nazo kwenye mkutano wa mtaa, na wenzake wa samaki waende naye. Sijasikia ufafanuzi wa aya ya 4 ulio bora kuliko huo.

Dominika ya tarehe 18 Oktoba 2020, siku 10 kabla ya uchaguzi mkuu, Injili iliyosomwa katika Misa ilikuwa ile ya Mathayo 22, "Mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari, na Mungu yaliyo ya Mungu." Hakuna aliyeichagua kwa ajili ya siasa, ndivyo kalenda ya masomo ilivyoangukia. Yesu aliomba aonyeshwe sarafu, akauliza sura iliyochorwa ni ya nani. Sarafu ina sura ya Kaisari, basi na imrudie. Lakini kitabu cha Mwanzo kinasema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwa sababu hiyo yako mambo ambayo Kaisari hawezi kudai, hata akiwa amechaguliwa kwa kura nyingi na hata akiwa mwamini mwenzetu.

Wapo ndugu zangu Wakristo wanaosikitika kwamba ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Wanaona ni kama Mungu amefukuzwa ikulu. Ninawasihi waitazame historia ya mji huu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliweka misheni yao hapa mwaka 1868, katika nchi iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Mwislamu, na kwa ridhaa yake. Walikomboa watumwa kwa kuwanunua, wakawajengea kijiji, na kazi hiyo ilianza miaka mitano kabla Sultani Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, hajalifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Kisha ikaja dola ya watu waliobatizwa. Wajerumani waliizima vita ya Abushiri na kumnyonga Pangani mwezi Desemba 1889, na hapa Bagamoyo, karibu na bahari, upo mnara wa kumbukumbu mahali walipowanyongea wenyeji waliowapinga. Ubatizo wa watawala haukuwapunguzia wenyeji kitanzi hata kimoja. Anayetaka dola ya Kikristo asome pia 1 Samweli 8, ambapo Samweli anawaeleza Waisraeli kwa urefu yale ambayo mfalme wanayemtamani atawafanyia: atawachukua wana wao, mashamba yao na sehemu ya kumi ya mifugo yao.

Serikali isiyo na dini inanilinda mimi, ninayeishi katika mji ambao majirani zangu wengi ni Waislamu, na inawalinda wao mahali ambapo sisi ndio wengi. Ibara ya 19 inaacha imani iwe hiari ya mtu na uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hata hivyo kanisa halikuahidi kunyamaza. Pale amri ya mtawala inapopingana na amri ya Mungu, Petro na mitume wamekwisha kujibu katika Matendo 5:29, kwamba imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Jirani zetu wa Uganda wanamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana, aliyeuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji. Barua ilikuwa silaha yao pekee. Huko Afrika Kusini mwaka 1985 wanateolojia walitoa Waraka wa Kairos, wakaeleza jinsi Warumi 13 ilivyokuwa ikitumiwa kuubariki ubaguzi wa rangi. Namna ya kuikata sura ilikuwa ile ile tuliyoizoea sisi.

Swali la yule mama linatugusa na sisi tunaoshika madaraka madogo ndani ya kanisa. Nimeiomba kamati ya jumuiya yetu kwamba tukiisoma tena sura hii tuanzie sura ya 12 na tusiishie aya ya pili, na kwamba siku hiyo hiyo mweka hazina asome mapato na matumizi ya michango yetu mbele ya waliochanga, wakiwemo wanaochanga kutoka kwenye pindo la kanga.