Kukausha Mti wa Upinde Katika Upepo wa Dodoma

Mwaka jana, mwezi Julai, niliulaza mti wangu wa kwanza wa upinde juu ya bati, nikiamini kwamba jua la Dodoma lingemaliza kwa juma moja kazi ya miezi minne. Usiku wa tatu nilisikia mlio mkavu, kama wa kijiti kinachovunjwa, na asubuhi nikakuta ufa ulioanzia kwenye ncha na kuingia ndani shubiri nzima. Ulikuwa mkole mnyoofu, niliokata kwenye shamba letu wenyewe, na mpaka leo nauhurumia.

Kosa halikuwa jua peke yake. Mti hupoteza maji upesi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, na sehemu ya nje ikikauka hunywea wakati ya ndani ingali imejaa maji; hapo ndipo hupasuka. Pwani fundi huhofia ukungu, lakini huku kwetu, ambako mvua hukoma mwezi Aprili na kipupwe huvuma kikavu, la kuhofiwa ni haraka.

Mwaka huu nilibandua gamba taratibu bila kujeruhi mbao iliyo chini yake, kwani huo ndio mgongo wa upinde, upande unaotazama shabaha, na nyuzi zake zikikatwa huweza kuinuka na kuuvunja upinde wote unapovutwa. Nilipunguza kwa tezo unene wa tumbo, yaani upande unaomtazama mpiga upinde, nikapaka ncha zote mbili nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kisha nikaulaza stoo, mbali na dirisha. Kila Jumamosi niliupima kwa mizani ya jirani yangu anayeuza unga. Ulianza na gramu 1,640, ukashuka juma hadi juma, mpaka mizani iliposimama kwenye 1,210 kwa majuma matatu mfululizo. Mizani naiamini kuliko macho, maana mti unaweza kuonekana mkavu nje huku ndani ukiwa bado mbichi, na mti mbichi ukivutwa hubaki umepinda.

Kuchonga kunataka utulivu zaidi. Hukwanguliwa tumbo tu, mgongo hauguswi. Nilifunga kamba iliyolegea kwenye ncha, nikawa nauvuta kidogo kidogo mbele ya ukuta mweupe, nikitazama kama mikono yote miwili ya upinde inapinda sawa. Mkono wa kushoto ulikuwa mgumu karibu na fundo, nami nikanyanyua tezo. Mzee mmoja wa Kisandawe, aliyekulia upande wa Farkwa akitumia upinde, alinishika kiganja.

“Mjukuu wangu, weka tezo chini. Hapo pakwangue kwa kisu, na fundo lenyewe uliachie nyama.”

“Nimesikia, babu.”

Tangu siku hiyo, kila nikikwangua nauvuta mara thelathini kabla ya kukwangua tena, ili nyuzi zizoee mkunjo mpya. Sasa unavutika sentimita 45 bila kulalamika. Kano za kusokotea upote, yaani kamba ya upinde, zimelowekwa tangu jana.