Nilivyopata nyumba Marangu wiki ya Krismasi bila kuwa na mjomba Mchagga

Kila nikisema tulilala Marangu wiki nzima ya Krismasi, na kutoka tulipolala hadi lango la KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ni bodaboda ya dakika chache, watu huniuliza kama nimeolewa Uchagani. Sijaolewa Uchagani. Mimi ni wa Tanga, mume wangu wa Kilwa, na kwenye koo zetu zote mbili hakuna hata shemeji wa mbali kule mlimani. Nyumba niliitafuta mwenyewe nikaipata kwa akili yangu mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie nikijisifu kidogo.

Anayeijua Kilimanjaro ya Desemba anaelewa ugumu ulipo. Kuna makundi mawili yanagombea kitanda kimoja. La kwanza ni wapandaji. Wanaanza na wale wa tarehe 9, wanaokumbuka mwenge uliopandishwa kileleni wakati wa Uhuru mwaka 1961, halafu wanafuata wageni wanaotaka kuuona mwaka mpya wakiwa juu kule mita 5,895. Makampuni yanayowapandisha yanashika vyumba mapema kabla wewe hujaomba likizo. La pili ni Wachagga wenyewe, kutoka Dar, Mwanza, Nairobi hadi Marekani. Hao wana nyumba zao, lakini hawaji peke yao. Wanakuja na wakwe, marafiki na madereva, na wasiotosha kwa baba wanamwagikia gesti. Ukiulizia chumba cha tarehe 23, mhudumu anakucheka kwanza ndipo akujibu.

Na ushauri niliopewa! Mwenzangu kazini, mzaliwa wa Mwika, aliniambia, "Nyie njooni tu, Uchagani mtu halali nje." Maneno matamu. Nikamwambia basi tutafikia kwenu. Akakohoa. Kumbe kwao mwaka ule hata vijana walikuwa wanapangiwa kulala kwenye magari. Mwingine akasema tulale Moshi mjini, maana Marangu ni "hapo tu". Hapo tu ni kilomita 40 na kitu hadi getini, na mtu mwenye watoto anayetaka kupanda hadi Mandara, kituo cha kwanza cha wapandaji, na kurudi siku hiyo hiyo anatakiwa awe getini asubuhi, si saa tano akiwa bado anasubiri Noah ijae. Wa tatu ndiye aliyeniudhi zaidi: akasema tulale Himo, ni bei rahisi. Himo nimewahi kulala. Ni njia panda ya malori ya Holili, joto la tambarare, mbu, na honi mpaka alfajiri. Anayekwambia ulale Himo ili ufurahie mlima hajawahi kulala Himo.

Nikaanza na simu, kama kila mtu. Dalali mmoja akanitumia picha za nyumba "Marangu kabisa, dada, dakika tano getini", bei nzuri, baraza pana, na mlima wote mbele ukiwa wazi. Alitaka laki mbili za kishika uchumba siku hiyo hiyo kwa sababu eti kuna daktari wa Arusha anaitaka. Mume wangu alishaanza kutafuta simu yake atume. Mimi nikaikuza ile picha, nikaitazama, nikaitazama tena, nikamwambia subiri.

Mawenzi ilikuwa upande wa kushoto.

Ukisimama Marangu, au Moshi, au hapo hapo Himo, upande wote huu wa kusini, Kibo, kilele chenye theluji, inakuwa kushoto kwako na Mawenzi, kile chenye meno, inakuwa kulia. Nimeuona mlima huu kwenye dirisha la basi tangu nikisoma sekondari Moshi, siwezi kukosea. Ukiiona Mawenzi kushoto ujue umezunguka mlima, uko Rongai au umeshavuka mpaka uko Loitokitok. Nikampigia.

"Kaka, mbona Mawenzi iko kushoto?"

"Kushoto kwa nani, dada?"

"Kwangu mimi niliyekaa kwenye baraza lako."

Akanyamaza. Halafu, Mungu amsamehe, akajibu, "Aah, hiyo ni selfie. Simu inageuza."

Selfie isiyo na mtu! Lakini raha yenyewe ilikuwa bado. Pembeni ya baraza kulikuwa na gari limeegeshwa, namba inasomeka vizuri kabisa, herufi hazijageuka, na inaanzia na K. Gari la Kenya limeegeshwa kwenye nyasi kavu, mgomba hata mmoja hakuna. Nani amewahi kupiga picha Marangu mgomba usiingie? Nikamwambia basi ageuze na gari lisome Kitanzania ndipo nitume hela. Tangu hapo nambari yake haipatikani kwangu. Ile picha nimeihifadhi, huwaonyesha wageni.

Tulifikiria pia vibanda vya hifadhini, kwa sababu njia ya Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala, hizo nyingine ni mahema. Lakini vitanda vya Mandara wakati ule vinagombewa na wapandaji wanaoelekea vibanda vya juu vya Horombo na Kibo, na shangazi yangu alishasema yeye kitanda cha juu cha ngazi hapandi. Tukaachana na hilo.

Mwanzoni mwa Desemba nikawa na kazi Moshi. Jumamosi nikapanda gari hadi Marangu Mtoni nikazunguka kwa miguu. Penye vyumba vya kawaida kumejaa. Palipobaki nafasi wanataja bei kwa dola, na mimi nina mshahara wa shilingi. Njaa ikanishika, nikakaa mahali nikaagiza mtori. Jirani yake kulikuwa na bucha.

Nakunywa mtori wangu huku namwangalia mwenye bucha. Kila baada ya muda anakuja mtu, hanunui nyama, anataja jina, anaacha hela, na yule bwana anaandika kwenye daftari kubwa. Wengine wanampigia simu, anaandika. "Mbuzi wawili, tarehe 24." "Ng'ombe mnachangia wangapi?" Nikagundua kwamba lile daftari lilikuwa linajua mambo ambayo hakuna dalali wala mtandao unayajua: nani anakuja Krismasi na nani haji. Na asiyekuja ameacha nyumba tupu.

Sikukurupuka. Nikamaliza mtori, nikaingia, nikanunua kilo moja ya nyama ambayo sikuwa na pa kuipika. Usimuulize mtu wa duka jambo refu mikono mitupu.

"Kaka, nikuulize kitu cha ajabu kidogo. Humo ndani, kuna mtu anaagiza kila mwaka na mwaka huu hajaagiza?"

Akaweka panga chini. "Dada, wewe ni wa TRA?"

Nikamweleza: mume, watoto wawili, shangazi, tunataka kuwaonyesha watoto mlima, hatuna pa kulala. Akacheka sana, akamwita na mwenye mtori aje asikie. Halafu akalifunua daftari la mwaka uliopita akaliweka sambamba na la mwaka huu, akaanza kupitisha kidole kana kwamba anasahihisha mitihani.

Wa kwanza walikuwa ndugu wawili wenye nyumba nzuri ya ghorofa. Mwaka huu hakuna aliyeagiza hata ini, wana kesi ya kihamba, yaani shamba la ukoo, kwenye baraza la ardhi. "Hapo usilale," akasema, "utaitwa shahidi." Nyumba ya pili ilikuwa na msiba wa karibuni, hilo halikuhitaji maelezo. Ya tatu mwenyewe yuko Marekani, huja kila Desemba na huagiza mbuzi watatu, lakini binti yake alikuwa anajifungua kule kwa hiyo safari imevunjika. Nyumba iko na mzee anayeilinda. Akamwita kijana wake anipeleke kwa pikipiki.

Mzee wote wanamwita Meku. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba, mae," huku macho yako kwenye mfuko wa nyama. Nikampa. Ile kilo ilifanya kazi kuliko maelezo yangu yote. Nyumba vyumba vinne, sebule yenye makochi yamefunikwa mashuka, kahawa na migomba pande zote, na mfereji wa maji unapita nyuma ya jiko. Siku hiyo mlima ulikuwa ndani ya mawingu, lakini nilimuuliza Meku Mawenzi iko upande gani, akanionyesha kulia bila kusita. Safi.

Mwenye nyumba tulimpata kwa WhatsApp usiku, kwao mchana. Swali lake la kwanza: "Nani kakwambia siji?"

"Daftari la bucha, kaka."

Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alikuwa mtu mwingine. Hakutaka kutaja bei, akasema yeye si gesti, tununue umeme wa luku na tumpe Meku chochote. Mimi nikakataa, kwa sababu "chochote" ndiyo bei mbaya kuliko zote: ukitoa kidogo umetukana, ukitoa kingi umepigwa. Tukakubaliana kiasi, nikakiandika kwenye ujumbe, akajibu sawa. Kwa wiki nzima haikufika tulichokuwa tunadaiwa kwa usiku mmoja na zile hoteli za dola. Masharti yake: chumba chake kifungwe, kahawa isiguswe, na nikajitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hilo la mwenyekiti msilidharau. Alipotujua yeye, kijiji kizima kilitujua kabla ya magharibi.

Basi tukafika, tukapanga vitu, tukalala siku mbili tatu kwa amani. Jioni ya tarehe 24, gari likaingia uani likipiga honi. Akashuka bwana, mkewe, watoto, gunia la mchele na jogoo. Binamu wa mwenye nyumba. Kila mwaka hulala pale, ufunguo wa mlango wa nyuma anao, na hakuna aliyemwambia lolote. Mkewe alinikuta nimejifunga khanga napika jikoni, akaniangalia jicho ambalo kila mwanamke analijua. Meku akakumbuka kwamba ana kazi ya kukata majani ya ng'ombe, na giza lile lote.

Shangazi yangu ndiye aliyeokoa jahazi. Akatoka akawapokea mizigo kama vile nyumba ni yake, akawakaribisha chai ya tangawizi, akamwambia yule mama, "Mwanangu, karibuni, sisi ni wapangaji wenu." Walipompigia Marekani na kuelezwa habari ya daftari, kicheko kikaanza upya. Sisi tulikuwa tunatumia vyumba viwili, wao wakachukua kilichobaki, watoto wote wakatandikiwa sebuleni. Ukipanga nyumba ya mtu Uchagani, uliza mapema nani mwingine ana ufunguo.

Na asubuhi yake ikawa heri. Binamu alikuwa na mbuzi na wakwe zake ni Waislamu wa Ugweno, akawa anatafuta mtu wa kuchinja ili wote wale. Mume wangu akachinja. Jirani akasikia, akaja na wa kwake. Hadi saa nne mume wangu alikuwa ameshazunguka nyumba kadhaa na kisu mkononi, kila anapotoka ana paja au mbavu. Nyama ya kununua hatukuijua tena mpaka tunaondoka, na kila tulipopita tuliitwa tuingie.

Tena ni huyo huyo binamu aliyetupatia muongozaji mwenye leseni, maana bila muongozaji huruhusiwi kuupanda. Mandara yenyewe haina maneno mengi: msitu, mbega juu ya miti, mwendo kama wa saa tatu, baridi mita 2,720 ambayo watoto wa Tabata hawakuwa wameiamini. Tukaenda na kreta ya Maundi hapo karibu. Mtanzania unalipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, lakini uwe na kitambulisho, na uwe na hela kwenye simu au kadi, getini hawapokei noti. Shangazi aligeuka njiani na muongozaji msaidizi, akatusubiri nyumbani kwa mwenyekiti akila ndizi.

Mablanketi bebeni ya kwenu, ya Meku yalikuwa mawili na yanajua historia. Mvua inanyesha hata mkiambiwa msimu umeisha. Na kama likizo yenu inasogezeka, isogezeni ipite mwaka mpya; Wachagga wakishashuka, zile gesti zilizonicheka zinapunguza bei zenyewe.

Mwaka huu mwenye nyumba amesema anakuja, na mjukuu. Kwa hiyo nimeshampigia wa bucha. Amesema daftari bado jeupe, nimpigie tena mwishoni mwa Novemba. Nikamuuliza habari ya wale ndugu wawili wenye ghorofa. Kesi imeahirishwa.