Woga ni wa mabati ama ni wa mtoto?

Jana usiku mvua ilinyesha vibaya huku Kayole, stima ikapotea, na hako kampwa kangu ka miaka minne kakaniuliza, anti, nani amepiga mvua inalia hivyo? Sikuwa na jibu. Nikachukua simu nikaandika ubeti kabla chaji iishe:

Mvua mbona unalia, nani huyo kakupiga,
Mabati yakusikia, yatetemeka kwa woga,
Tone tone waingia, ndoo yangu ya kuoga,
Kaa hapa nami pia, hadi kuche ndipo aga.

Sawa, hiyo "pia" nimeipachika tu nipate kina, yaani sauti ya mwisho ifanane na ya mistari ingine, msinichome. Lakini hesabuni mizani, yaani silabi, muone, nane kwa nane kila mshororo, yaani kila mstari. Ndiyo maana nimesema yakusikia badala ya yanakusikia, hiyo inaitwa inkisari, na watu hudhani ni mapambo kumbe ni silabi ilikuwa inazidi mshairi akaikata.

Sasa dadake mkubwa, ako fomu foo anajiandalia mtihani wa Kiswahili karatasi ya tatu, ile ya fasihi, akasoma na tochi akasema haraka haraka, tashihisi, takriri, swali la balagha, hapo ni maki tatu anti. Ni kweli, yote yako. Mvua inalia na mabati yanaogopa kama watu, hiyo ni tashihisi, tone tone limerudiwa ili usikie vile linaanguka kwa ndoo, hiyo takriri, na "nani huyo kakupiga" ni swali lisilongoja jibu, ndiyo balagha. Nikamuuliza, na huo woga ni wa nani? Akanyamaza.

Mi naona hapo ndipo shairi lenyewe liko. Mabati hayaogopi kitu. Anayeogopa ni mtoto, lakini mtoto hataki kusema anaogopa, kwa hivyo woga anautupia mabati, na upweke anautupia mvua ndio aiambie ikae. Ukiandika tu "tashihisi, mabati yamepewa sifa za binadamu" utapata maki yako, ila mtoto umemwacha peke yake gizani. Na sisi wakubwa pia tulikuwa tunaogopa bana, nani hapa Nairobi amesahau Aprili 2024 vile maji yalibeba nyumba za watu Mathare, siku hizi ikinyesha usiku mzima hata mimi huamka kuangalia mlango.

Kuna ingine mwanafunzi asidhani ni mbinu ya mtunzi. Yule mdogo hakuwa anatumia tashihisi, yeye anaamini kabisa mvua imechapwa. Tashihisi ni yangu mimi niliyeandika nikijua si kweli, na nafsineni, yaani anayeongea ndani ya shairi, ni yeye, si mimi, hapo wengi huchanganya.

Dadake akafikiria akaongeza sentensi mbili kwa daftari, tukalala.

Asubuhi mdogo ameamka, kitu ya kwanza ni kuuliza mvua yake ya kwa ndoo iko wapi. Nilikuwa nimeshapiga nayo deki.