Siku Tuliyopwelewa kwa Makusudi

Kwetu Amu, nahodha aliyepwelewa haulizwi habari za safari. Watu humsalimu, humpa kahawa, wakajifanya hawajui kwamba jana jahazi lake lililala ubavu kwenye mlango wa Mkanda, abiria wamo ndani na watoto wanalia kiu, mpaka maji yaliporudi yenyewe. Babu yangu alipeleka boriti za mikoko Mombasa kwa miaka mingi. Alipwelewa pale mara moja tu, na hadi anafariki hakuna aliyethubutu kumtajia.

Nilikuwa na aibu hiyo ya ukoo mfukoni nilipopanda klipa, chombo cha zamani cha mizigo cha Waholanzi, pale Makkum, kaskazini mwa Uholanzi, Septemba 2014. Nilikuwa nasomea mambo ya maji Delft, na darasa letu tulichanga fedha tukakodi chombo kizima kwa siku mbili. Kati yetu alikuwamo Mtanzania mmoja wa Mwanza. Mimi na yeye ndio tuliokuwa na Kiswahili, kwa hiyo yale tusiyotaka wengine wayasikie tuliyasema kwa sauti ya juu kabisa.

Chombo chenyewe kilikuwa cha chuma, milingoti miwili, urefu unakaribia mita thelathini, na bamba la shaba mlangoni lilisema kiliundwa 1910. Zamani kilibeba viazi, matofali, nafaka, hata samadi. Nahodha aliishi humo na mkewe na watoto, wote katika kibanda cha tezini, yaani nyuma ya chombo, ambacho mimi nisingeweza kulala bila kukunja miguu. Injini zilipokuja, vyombo vingi vya namna hii viling'olewa milingoti vikawa matishari ya mchanga. Malori yalipoongezeka, hata mchanga vikanyang'anywa. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye mapenzi navyo walivinunua kwa bei ya chuma chakavu wakavirudishia matanga. Sasa ndani ya falka, palipojaa viazi, pana vyumba vya kulala, mabomba ya maji moto na meza ndefu ya kulia.

Mabaharia walikuwa wawili tu: nahodha, ambaye ni mama wa makamo mwenye mikono kama ya mchukuzi wa bandarini, na kijana msaidizi. Kazi iliyobaki ni ya abiria. Tanga lao halikai kwenye foromali, ule mti mrefu wa tanga, kama letu. Lina pembe nne na ubao mfupi juu, na ubao ule hupandishwa kwa kamba mbili, moja ya shingo na moja ya ncha, makundi mawili yakivuta sawasawa. Mwenzangu wa Mwanza alianzisha "Haraaaa-mbee!" na kufikia tanga la pili Wajerumani na Wahindi wote walikuwa wanaitikia "mbee". Matanga yalikuwa ya rangi ya kahawia iliyoiva. Zamani turubai lilichemshwa na magome ya miti lisioze, na rangi ikabaki kuwa desturi hata leo vitambaa vilipokuwa vya kiwandani. Nikakumbuka magome ya mkandaa na rangi yake nyekundu.

Nakiri niliringa. Kwetu kubisha, yaani kugeuza tanga kwenda kinyume cha upepo, ni kazi ya wanaume sita, foromali inazungushwa mbele ya mlingoti na mtu anaweza kuvunjika mbavu. Hapa tanga lilijipindukia lenyewe, nasi tukabaki na kazi ya kushusha bawa la upande mmoja na kupandisha la upande wa pili. Mabawa hayo ni mbao kubwa zinazoning'inia ubavuni. Usiyafananishe na ndubi za ngalawa, maana hayaelei. Yanazama majini kuzuia chombo kisisukumwe kando, kwa kuwa chini hakina mkuku. Ni bapa kama sinia. Hilo niliambiwa asubuhi, nikaitikia kwa kichwa, nikalisahau.

"Hili ni ziwa, ndugu yangu," alisema mwenzangu, amechota maji akayaonja. "Niko nyumbani." Hakukosea. Ilikuwa bahari mpaka 1932, Waholanzi walipoifunga kwa tuta la kilomita 32, na chumvi ikaondoka. Lakini adhuhuri tulipita milango ya maji ya Kornwerderzand, daraja likajizungusha kutupisha, tukatokea upande wa pili, Bahari ya Wadden. Huko maji hupwa na kujaa, na njia imewekewa alama za matawi ya miti yaliyochomekwa topeni. Nilipoyaona matawi yale moyo ulinipiga. Ni Mkanda mtupu, umekosa mikoko tu.

Saa kumi na moja jioni, upepo umelegea, nikahisi chini ya nyayo mkwaruzo ambao mjukuu wa nahodha hafundishwi. Nikatazama ubavuni, maji ni rangi ya chai ya maziwa. Nikakimbia hadi tezini nikipiga kelele kwa Kiingereza kwamba tumepanda fungu, ageuze upesi, upesi! Mama yule alikuwa anamenya viazi. Nanga ilikwisha teremshwa, na mimi sikuiona. Akaniambia taratibu kwamba tumefika.

Walicheka wote. Mwenzangu ndiye alicheka zaidi, ingawa dakika ishirini baadaye alishika ukingo, macho yamemtoka. "Maji yamekwenda wapi?" Ziwa Victoria halina desturi ya kuondoka jioni bila kuaga.

Mimi nilikuwa na swali jingine. Kwetu chombo kikipandishwa pwani kupakwa shahamu, hutiwa magadi, miti ya kukiegemeza, pande zote mbili kisianguke. Nikauliza, magadi yako wapi? Mama akagonga sitaha kwa kisu. Chombo kilikuwa kimekaa wima kama nyumba. Kiliundwa hivyo, akasema, kwa sababu visiwa vile havikuwa na gati. Chombo kilikaa mchangani, mikokoteni ya farasi ikaja mpaka ubavuni, mzigo ukashuka, maji yakirudi kinaondoka. Kupwelewa ilikuwa ndiyo bandari yao.

Tukateremka kwa ngazi. Tope lilikuwa baridi, na kila hatua palikuwa na vijirundo vya mchanga vilivyopindapinda vya minyoo ya chambo, ile ile ninayoijua utotoni kwa kuichimba na kupigwa na mama kwa nguo chafu. Niliizunguka klipa nzima, nikapapasa tumbo lake la chuma.

Saa tano za usiku maji yalirudi. Wengine walikwisha lala. Yalikuja kwa mnong'ono kwanza, kisha chombo kikatikisika mara moja, kikanyanyuka.

Kesho yake, Harlingen, nilimtumia baba picha ya klipa imekaa kavu na watu wanatembea kandokando wakicheka. Akanipigia simu papo hapo.

"Pole sana, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, ya msibani. "Na nahodha huyo mlimwokota wapi?"